UPEPO UNA KIPIMO, NA MOYO UNA KIPIMO



Somo letu la mara hii si katika yale tuliyozoea kuyasoma katika darsa yetu. Hatukulitafuta, limekuja lenyewe mlangoni petu, nasi tumeona si haki kulirudisha.

Katika vijana waliosoma kwetu tangu utotoni yuko mmoja aliyepata kazi Nairobi. Mama yake alipokuja kutupa khabari alikuwa na furaha nyingi. Akatuambia, "Maalim, mwanangu amepata kazi ya kukaa. Hana jua wala mzigo. Ni kompyuta na kiyoyozi tu." Sisi tukamwambia amshukuru Mungu, tukamtajia wenziwe wanaobeba magunia tangu alfajiri, tukasema mtoto huyu amepata raha. Hatukumwuliza hata neno moja: huko kwenye kompyuta atazama nini?

Baada ya mwaka na miezi kijana akarudi Mombasa. Akawa halali usiku. Mlango ukibamizwa, aruka kama aliyepigwa. Siku ya Idi ya kuchinja, alipoona kisu kimetolewa, alitoka mbio uani hata kiatu kimoja akakiacha. Jamaa zake wakasema ana pepo. Akapelekwa kwa mganga, fedha zikalipwa, ubani ukafukizwa, na pepo hakutoka, kwa kuwa hakuwamo. Ndipo tulipoketi naye msikitini baada ya sala ya alasiri, tukamwuliza, "Mwanangu, waona nini?" Akajibu, "Maalim, sioni jini wala shetani. Naona kazi yangu."

Aliyotueleza baada ya hapo hatutayaandika yote, kwani kuyaandika ni kuwabebesha wasomaji mzigo ule ule. Kwa ufupi, aliajiriwa kutazama, saa baada ya saa, picha na video ambazo watu wazitia katika mitandao: watu wakiuawa, watoto wakiharibiwa, watu wakijidhuru nafsi zao. Kazi yake ilikuwa kuamua ipi iondolewe, ili nyinyi na sisi tufunguapo simu zetu tusiione.

Twakiri kosa letu. Tulisifu kazi tusiyoijua kwa sababu haikuwa na jasho. Kwa hivyo tumelazimika kuisoma, na swali la somo letu ni hili: moyo wa mwanadamu waweza kubebeshwa uovu kiasi gani kwa njia ya macho, na ukizidishiwa, ni nani mwenye kujibu?

Tutaanza mbali kidogo, kwenye mitambo ya upepo. Msomaji asishangae. Mambo ya moyo hayaonekani kwa macho, na mambo ya chuma yaonekana. Na mwanafunzi huanza kwa lililo wazi ndipo afike kwenye lililofichika.

MLANGO WA KWANZA: UPEPO NA BREKI YAKE

Sisi watu wa pwani twaujua upepo. Kaskazi na kusi ndizo zilizowaleta na kuwarudisha wazee wetu. Nasi twajua kwamba nahodha hasifiwi kwa kutweka tanga tu, kwani hilo hata mtoto aliweza. Asifiwa kwa kuijua saa ya kulitua. Vyombo vingi vilivyozama havikuzama kwa kukosa upepo.

Kutumia upepo kwa kazi za nchi kavu si jambo geni kwa Waislamu. Watu wa Sistan, nchi iliyo katika mpaka wa Irani na Afghanistani za leo, walikuwa na vinu vya upepo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na wanavyuoni wa jiografia kama al-Mas'udi na al-Istakhri walivitaja katika karne ya 4 ya Hijra. Kutoa umeme kwa upepo kulikuja baadaye sana. Katika nchi ya Denmark, mwalimu mmoja aitwaye Poul la Cour alianza kazi hiyo mwaka 1891 katika kijiji cha Askov, akawafundisha ilimu ya umeme vijana wa mashambani.

Sasa yafaa tufahamu tabia ya upepo. Kasi yake ikizidi mara mbili, nguvu yake haizidi mara mbili, bali mara nane. Kwa hivyo upepo ule ule uletao faida, ukiongezeka kidogo, waweza kuubomoa mtambo. Tena mwaka 1919 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwa hesabu kwamba hapana mtambo wa mabawa uwezao kuchukua zaidi ya sehemu 16 katika 27 za nguvu ya upepo upitao, yaani kama 59 kwa 100. Lau ungeichukua yote, upepo ungesimama nyuma ya mabawa, na mwingine usingepata njia ya kupita. Hesabu yenyewe yatufunza: chukua, na uache.

Wako wasioacha. Mwaka 1941 Wamarekani walisimamisha mtambo mkubwa katika kilima kiitwacho Grandpa's Knob, jimbo la Vermont, wa kwanza duniani kupita megawati 1. Mwezi wa Machi 1945 ubawa wake mmoja ulikatika ukaruka mbali. Pale ulipokatikia palikuwa pamekwisha kujulikana kuwa ni dhaifu. Lakini ulikuwa wakati wa vita, vifaa vilikuwa haba, na mtambo ukaendelezwa hivyo hivyo. Basi haukuvunjika kwa kukosa ilimu. Ulivunjika kwa sababu ilimu ilikuwako na haikufuatwa.

Mwaka 1957, huko Denmark, Johannes Juul, aliyekuwa mwanafunzi wa Poul la Cour, alisimamisha mtambo wa kilowati 200 mahali paitwapo Gedser. Ubunifu wake mkubwa haukuwa kukamata upepo mwingi zaidi. Alizifanya ncha za mabawa zigeuke zenyewe mtambo ukizidi kasi, zikawa breki. Mtambo huo ulifanya kazi kwa miaka kama kumi bila ya matengenezo makubwa, na mafundi waliokuja baadaye walijifunza kwake.

Na sisi katika Kenya tumepata fungu letu. Mitambo ya kwanza miwili ilisimamishwa milima ya Ngong mwaka 1993, kwa msaada wa Ubelgiji. Kisha huko Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, karibu na ziwa Turkana, ambako upepo hubanwa baina ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya ukatoka kwa nguvu, ikasimamishwa mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla yake megawati 310. Ilifunguliwa rasmi tarehe 19 Julai 2019. Mitambo ya namna ile huanza kazi upepo ufikapo mita kama 4 kwa sekunde, na ufikapo mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa, huyageuza mabawa yake, huuacha upepo upite, na husimama.

Hapa ndipo palipo somo. Fundi auonapo mtambo umesimama katika tufani haupigi kelele kwamba ni mvivu. Hausemi kwamba mitambo mingine yaitamani nafasi yake. Ajua kwamba umeumbwa na kipimo, na kwamba kusimama kwake leo ndiko kutakakoufanya uzunguke kesho. Basi tuwatazame sasa wanadamu, tuone kama walipewa heshima iliyopewa chuma.

MLANGO WA PILI: KAZI YA WACHUJAJI

Watu wengi wadhani kwamba mitandao yajisafisha yenyewe, na kwamba akili bandia, hiyo izungumzayo siku hizi kama mtu, ilizaliwa na adabu. Sivyo. Kompyuta haijui lililo ovu mpaka mtu alitazame, aliandike jina lake, na kuirudishia mara elfu nyingi. Na picha ambayo kompyuta yaishuku lakini haina yakini nayo hupelekewa mtu. Watu hao twawaita wachujaji.

Nairobi imekuwa moja katika miji ya kazi hiyo. Tangu mwaka 2019 kampuni iitwayo Sama ilikuwa ikiifanya huko kwa ajili ya Facebook, na wachujaji wake walitoka nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa uovu husemwa kwa kila lugha na huhitaji mjuzi wa lugha hiyo: Kiswahili, Kisomali, Kiamhari, Kihausa, Kizulu na nyinginezo. Mwezi wa Februari 2022 gazeti la TIME la Marekani lilitoa khabari kwamba baadhi yao walikuwa wakipata ujira kama wa dola 1 na nusu kwa saa. Mwezi wa Januari 2023 gazeti hilo hilo likaeleza kwamba wafanyakazi wa kampuni hiyo waliwahi pia kusoma maandishi ya uovu, mengine ya kuharibiwa watoto, na kuyatia alama, ili kampuni ya OpenAI iifundishe mashine kuyajua na kuyaepuka. Ujira wao ulikuwa baina ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ilipofunguliwa watu wote waitumie, dunia ilistaajabia adabu yake. Ni wachache waliouliza ni nani aliyepokea uchafu ili adabu hiyo ipatikane.

Wahenga wetu walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huu wa wachujaji hata kanda hatukuliona.

MLANGO WA TATU: MARADHI YENYEWE

Madaktari wanayo maradhi wayaitayo msongo wa baada ya kiwewe. Aliyepatwa na jambo la kutisha hulirudia usingizini na hata akiwa macho, kama kwamba latokea sasa. Hushtuka kwa sauti ndogo. Hukimbia kila kimkumbushacho. Moyo wake hufa ganzi hata kwa wale awapendao. Maradhi haya yaliingizwa kwa jina hilo katika kitabu cha waganga wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam.

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba ni ya askari tu na waliofikwa na msiba kwa miili yao. Lakini kitabu hicho kilipotolewa upya mwaka wa 2013, kiliongezwa jambo ambalo ndilo msingi wa somo letu: kwamba mtu aliyekabiliwa mara kwa mara na mambo ya kutisha kwa sababu ya kazi yake naye huhesabiwa katika mlango wa maradhi haya. Picha za vioo vya elektroniki kwa kawaida hazihesabiwi, ila zikiwa ni sehemu ya kazi. Wakaweka tofauti hiyo kwa sababu iliyo wazi: mwenye simu akiona lililo baya hugeuza uso, na mchujaji hulipwa asigeuze uso wake.

Na tusidhani kwamba ni maneno ya vitabuni tu. Mwezi wa Disemba 2024 ilitangazwa ripoti ya daktari wa akili wa hospitali kuu ya Kenyatta, iliyowekwa mahakamani Nairobi. Katika wachujaji 185 wenye kesi, 144 walipimwa, na wote walionekana kuwa na maradhi haya. Katika kila 100 miongoni mwao, 81 walikuwa na dalili kali au kali mno. Na wengi wao walipimwa baada ya kupita mwaka au zaidi tangu kuiacha kazi ile. Jeraha lililobaki wazi mwaka mzima baada ya kisu kuondolewa si jeraha la juu juu.

Msomaji akilinganisha khabari hii na ya kijana wetu, atafahamu kwa nini twaona uchungu kwa zile fedha zilizopewa mganga. Familia ilikuwa na mgonjwa mwenye maradhi yajulikanayo, yenye jina na yenye tiba, ikampeleka apungwe. Nasi hatuwalaumu jamaa zake peke yao. Kama walimu hawafundishi, watu watamwuliza nani?

MLANGO WA NNE: YALIYOPITA MAHAKAMANI

Katika Marekani, mchujaji mmoja alifungua kesi mwaka 2018, na mwezi wa Mei 2020 kampuni ya Facebook ikakubali kulipa dola milioni 52 kwa wachujaji wa nchi hiyo, ambao walikuwa zaidi ya 11,000. Ikakubali pia kubadilisha vyombo vya kazi: video zianze zikiwa bila ya sauti na kwa rangi nyeusi na nyeupe, na wafanyakazi wapate mashauri ya wataalamu wa akili. Msomaji azingatie: hizi ni breki. Hazikuwa muhali, zilingojea adaiwe mwenye mtambo.

Katika Kenya, mwezi wa Mei 2022, Daniel Motaung, mtu wa Afrika Kusini aliyekuwa mchujaji Nairobi na ambaye alifukuzwa baada ya kujaribu kuwakusanya wenziwe katika chama mwaka 2019, alifungua kesi ya namna hiyo. Alidai, pamoja na mengine, kwamba hakuelezwa sawasawa kazi yenyewe kabla ya kuiingia. Kampuni zilizoshtakiwa zilikanusha. Meta, ambalo ndilo jina la sasa la kampuni mama ya Facebook, ilisema kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Mahakama ya kazi iliikataa hoja hiyo mwezi wa Februari 2023, na mahakama ya rufani ikaikataa tena mwezi wa Septemba 2024. Katika kesi ya pili, ya wachujaji walioachishwa kazi mwaka 2023, mahakama iliamuru mwezi wa Juni mwaka huo kwamba wapewe matibabu ya akili. Na tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao.

Kuhukumu ni kazi ya mahakimu, nasi hatuiingilii. Letu ni kuangalia hoja zisemwazo barazani, kwani hizo ndizo zinazowanyamazisha wagonjwa.

MLANGO WA TANO: HOJA NA MAJIBU

Hoja ya kwanza: "Walikubali wenyewe, hapana aliyewalazimisha." Twajibu: mafakihi walipoandika milango ya ijara waliweka sharti kwamba kazi ijulikane. Asiyejua auzalo hakuuza. Kijana wetu aliambiwa kazi ni ya lugha na kompyuta. Siku ya kwanza ndipo alipojua. Tena wakasema kwamba mtu akikodi mnyama kwa mzigo unaojulikana, kisha akamzidishia mzigo na mnyama akaangamia, basi yeye aliyezidisha ndiye mwenye dhamana. Ikiwa hiyo ndiyo haki ya punda, haki ya mwanadamu itakuwaje?

Hoja ya pili: "Ni afadhali kuliko kukosa kazi." Twajibu: hatusemi kazi ifutwe. Lakini njaa ya mtu haimhalalishii mwenye mali kumdhuru. Akiwa hana njia nyingine, ndipo haki yake inapozidi uzito, kwa kuwa hawezi kujitetea.

Hoja ya tatu: "Lazima awepo wa kuifanya, la sivyo watoto wetu watayaona maovu hayo." Hii ni kweli, nasi twaikubali, na ndiyo sababu ya kuwaheshimu wachujaji. Mwenye kuzibua mtaro wa mji hupewa viatu na glavu, wala haambiwi auzibue kwa mikono mitupu eti kwa kuwa kazi yake ni muhimu. Umuhimu wa kazi huzidisha haki za mwenye kuifanya, hauzipunguzi.

Hoja ya nne, na hii yatoka kwetu sisi watu wa dini: "Ni udhaifu wa imani. Lau angezidisha dhikri, asingeumia." Twajibu kwa ukali kidogo, kwa kuwa imewadhuru wengi. Imani haimfanyi mtu kuwa jiwe. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakaingia weupe, wala hapana athubutuye kusema kwamba imani yake ilikuwa haba. Dua ni haki, na dawa ni haki. Amwambiaye mwenye mguu uliovunjika asali tu, wala asimpeleke hospitali, hakuitetea dini, ameitukanisha.

MLANGO WA SITA: BREKI ZA MOYO

Yaliyobaki ni kusema la kufanya, kwani somo lisilo na tendo ni kelele.

Wajibu wa mwenye kuajiri. Amweleze mtu kazi kwa uwazi kabla ya kutia sahihi. Aweke kikomo cha saa za kutazama, na nafasi ya kupumzika isiyokatwa ujira. Picha zififizwe au ziondolewe rangi, na sauti izimwe, mpaka pawe na haja. Picha iliyokwisha kuhukumiwa mara moja isirudishwe mbele ya macho ya mtu, kwani tangu mwaka 2009 iko programu iitwayo PhotoDNA, iliyotungwa na Microsoft pamoja na mtaalamu Hany Farid, ambayo huipa kila picha alama mfano wa alama za vidole, ikarudi ikajulikana na mashine yenyewe. Awepo daktari ambaye siri za wagonjwa haziwafikii wakubwa wa kazi. Na matibabu yaendelee baada ya mtu kutoka kazini, kwa kuwa tumeona kwamba maradhi nayo yaendelea. Mwenye kupata faida ya upepo ndiye anunuaye breki.

Wajibu wa mwenye kuajiriwa. Aulize: nitatazama nini, kwa saa ngapi, nikishindwa nitafanyaje? Asione haya kusema, "Hapa nimefika." Nahodha atuaye tanga si mwoga. Na akusanyike na wenziwe, kwani mmoja hufukuzwa kwa urahisi, na wengi husikilizwa.

Wajibu wa jamaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi msimpime mtoto wenu kwa kiyoyozi cha ofisini. Akirudi kimya, msimlazimishe kusimulia aliyoyaona, wala msimcheke, wala msimpeleke kupungwa. Mpelekeni hospitali, na mmoja wenu akae naye usiku.

Na wajibu wetu sisi tushikao simu. Kila tuletewapo video ya maiti wa ajali au ya mtu apigwaye na umati, tukaituma kwa wengine kwa kusema "tazameni dunia ilivyo," tumemwongezea mchujaji mahali fulani kazi ya usiku wake. Uovu usiotumwa hauhitaji kuchujwa. Hii ndiyo breki iliyo mikononi mwetu, na haina gharama.

KHULASA YA SOMO

Kwanza, kila chenye nguvu kina kipimo, na ubunifu ulio bora ni ule uujuao mpaka. Pili, macho ni mlango wa moyo, na mwenye kulipwa asiufunge mlango huo yumo katika khatari iliyokwisha kuthibitishwa na madaktari. Tatu, azidishaye mzigo ndiye mwenye dhamana yake. Nne, maradhi haya si pepo wala si upungufu wa imani, na tiba yake yatafutwa hospitali pamoja na dua.

Wasomaji watataka kujua khabari za kijana wetu. Ahudhuria hospitali kila baada ya wiki mbili, na usiku mwingine hulala mpaka alfajiri. Hajapona. Idi iliyopita alikaa chumbani mpaka nyama ilipokwisha kukatwa na uani kukaoshwa. Lakini jioni alitoka, akaketi nasi kwenye sinia, akala wali mtupu, na mama yake hakumwuliza kwa nini hagusi nyama. Nasi hatukumwuliza. Ajapo kijana mwingine kutupa khabari kwamba amepata kazi ya kukaa, tutafurahi naye kama tulivyofurahi na huyu. Lakini tutamwuliza kwanza atazama nini.